Kusomea Uzamili wa Usanifu wa Mwingiliano Ukiwa Kazini: Mwongozo Kamili

Usanifu wa mwingiliano ni taaluma inayoshughulikia namna mtu anavyoelewana na kifaa au huduma ya kidijitali: anabonyeza wapi, anajibiwa nini, anajuaje kwamba pesa alizotuma zimefika, na anajiokoa vipi akikosea namba. Wabunifu Bill Moggridge na Bill Verplank ndio walioipa jina hilo katika miaka ya 1980, na tangu miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vimekuwa vikiifundisha katika ngazi ya uzamili. Wanaoitamani leo Afrika Mashariki mara nyingi si vijana waliohitimu shahada ya kwanza juzi. Ni wabunifu wa michoro, waandishi wa programu, maofisa wa benki waliokabidhiwa huduma za simu, na wauguzi waliochoshwa na mifumo ya hospitali inayowapotezea muda. Watu wenye kazi na familia, wasioweza kuacha mshahara kwa miaka miwili ili wakakae bwenini ughaibuni. Mwongozo huu ni wao.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote. Shahada inayosomwa kwa ratiba nyumbufu ina uzito uleule wa shahada inayosomwa kwa muda wote. Kinachobadilika ni kalenda tu. Anayejiandikisha akidhani amepata njia nyepesi hukwama katika muhula wa pili, wakati kazi za masomo mawili zinapodaiwa wiki moja na hesabu za mwisho wa mwaka ofisini.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unahitaji shahada

Ikiwa haja yako ni kujua kutumia Figma, programu ya kuchora skrini, au kupanga skrini za programu ya simu, kozi fupi na mazoezi ya miezi michache vitakutosha. Uzamili hutoa vitu vingine: mbinu za utafiti wa watumiaji, nadharia ya namna binadamu anavyoona, anavyokumbuka na anavyokosea, nidhamu ya kukosolewa na wenzako hadharani, na sifa ya kitaaluma kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu. Andika katika ukurasa mmoja kazi unayotaka kuifanya miaka mitano ijayo, kisha utazame kama inadai vitu hivyo. Ukurasa huo utakusaidia baadaye katika barua ya maombi, kwa hiyo uuandike kwa uangalifu.

Hatua ya pili: tambua aina ya unyumbufu unaouzwa

Matangazo ya vyuo hutumia maneno yanayofanana kwa mipango isiyofanana hata kidogo. Kuna masomo ya nusu muda yanayokutaka ufike darasani siku moja au mbili kwa wiki. Haya yanamfaa Mswahili anayeishi London au Toronto, lakini hayamsaidii aliye Mwanza. Kuna masomo ya mtandaoni yenye vipindi vya moja kwa moja kwa saa maalumu. Kuna masomo ya mtandaoni ambayo mihadhara imerekodiwa nawe unaitazama unapopata nafasi, ilimradi uwasilishe kazi kwa tarehe iliyopangwa. Na kuna mpango wa kukusanya krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo, kidogo kidogo, ambao kwa maoni yangu ndio unaostahili kutafutwa kwanza na mtu mwenye familia.

Mpango huo umeenea Uingereza. Huko shahada ya uzamili huwa na krediti 180, na njiani kuna vituo viwili vinavyotambulika: cheti cha uzamili cha krediti 60 na stashahada ya uzamili ya krediti 120. Ukiugua, ukihamishwa kikazi au ukiishiwa ada katikati, huondoki mikono mitupu. Muulize ofisa wa udahili kwa barua pepe maswali matatu ya wazi: je, vituo hivyo vinatolewa katika programu hii, je, mwanafunzi anaweza kusimamisha masomo kwa muhula mmoja bila kulipa upya, na je, kuna ukomo wa miaka ya kumaliza. Majibu yake uyahifadhi.

Mifano michache itaonyesha upana wa tofauti hizi. Chuo Kikuu cha Malmö nchini Uswidi kina uzamili wa usanifu wa mwingiliano wa miaka miwili, wenye krediti 120 za mfumo wa Ulaya, na kinaheshimika sana katika fani hii. Lakini masomo yake hufanyika chuoni, na kibali cha kuishi Uswidi kwa ajili ya masomo hupewa anayesoma kwa muda wote. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kupro na Chuo Kikuu cha Tallinn cha Estonia vimeshirikiana kuendesha uzamili wa fani hiihii kwa njia ya mtandao. Georgia Tech ya Marekani ina uzamili wa sayansi ya kompyuta wa mtandaoni, ulioanza Januari 2014, wenye kozi 10 na mwelekeo wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta ndani yake. Mwanafunzi hupewa hadi miaka sita kumaliza, na katika miezi 12 ya mwanzo lazima afaulu kozi mbili za msingi kwa kiwango cha B au zaidi. Hiyo ya mwisho ni shahada ya kompyuta, si ya sanaa, na asiyejua kuandika programu ataumia.

Hatua ya tatu: hesabu saa zako kabla ya kuhesabu pesa

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndiyo sababu nataka tukae kidogo. Krediti moja ya Uingereza huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, ukijumlisha mihadhara, kusoma, kuchora, kujaribu na kuandika. Krediti 180 ni saa 1,800. Katika mfumo wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, kwa hiyo shahada ya krediti 120 haipungui saa 3,000.

Chukua sasa mwaka wenye wiki 45 za kusoma, ukiacha wiki saba za sikukuu, misiba, ugonjwa na safari za kikazi. Ukitaka kumaliza saa 1,800 kwa miaka miwili, unahitaji saa 20 kila wiki. Ukisoma kwa miaka mitatu, unahitaji saa 13 na ushei. Shahada ya krediti 120 za Ulaya, hata ukiigawa kwa miaka minne, bado inakudai karibu saa 17 kwa wiki.

Saa 20 zinatoka wapi kwa mtu anayeondoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku? Saa mbili kila siku ya kazi ni saa 10; Jumamosi sita na Jumapili nne zinakamilisha. Maana yake ni kwamba Jumamosi si yako tena, na mwenzi wako anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kulipa ada, si baada. Jaribu ratiba hiyo kwa mwezi mzima kabla ya kuomba nafasi: keti saa zilezile, soma makala za fani, andika muhtasari. Ukishindwa kufikisha nusu ya saa ulizojipangia, chagua programu ndefu zaidi badala ya kujidanganya.

Zingatia pia saa za vipindi vya moja kwa moja. Kipindi cha saa 12 jioni ya London huangukia saa 3 usiku Dar es Salaam na Nairobi wakati wa baridi, na saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kila mwaka wapo wanafunzi wa huku wanaoingia kipindini saa nzima baadaye, mara tu Machi inapokwisha.

Hatua ya nne: uliza kuhusu utambuzi wa shahada

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, hakikisha shahada hiyo itatambuliwa mahali unapotaka kuitumia. Nchini Tanzania kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za nje hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Nchini Kenya uliza katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) na katika mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA. Usiridhike na kusikia kwamba chuo kinatambulika. Uliza kuhusu programu yenyewe, ukitaja waziwazi kwamba inasomwa mtandaoni, na uombe jibu la maandishi. Anayelenga ajira ya serikali au ualimu wa chuo asiikwepe hatua hii kwa namna yoyote.

Hatua ya tano: ada na ufadhili

Gharama zigawe mafungu matatu: ada ya chuo, gharama za vifaa na intaneti, na pesa ya dharura ya kusafiri ikiwa chuo kinadai kuhudhuria wiki moja ya karakana. Ada zilipwe kwa moduli kila inapowezekana, maana thamani ya shilingi hupanda na kushuka, na kulipa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja wa pauni kunaweza kukukausha akiba.

Kwa raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kuna ufadhili wa masomo ya masafa unaotolewa na tume ya ufadhili ya Jumuiya ya Madola huko Uingereza, ambao hulipia ada ya uzamili unaosomwa ukiwa nyumbani. Hulipia kozi zilizochaguliwa tu kwa mwaka husika, kwa hiyo anza na orodha ya kozi, kisha ndipo uombe chuo. Raia wa Burundi na wa Kongo hawamo, kwa kuwa nchi zao si wanachama wa Jumuiya hiyo. Kwa Uswidi, tangu mwaka 2011 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hulipa ada. Maombi hupitia mfumo mmoja wa taifa, hufungwa katikati ya Januari kwa masomo yanayoanza majira ya vuli, na ada ya maombi ni krona 900. Usisahau mwajiri. Barua fupi inayoeleza namna utafiti wako utakavyoboresha huduma ya ofisi inaweza kukupatia sehemu ya ada au, kwa uchache, ruhusa ya kutoka mapema siku moja kwa wiki.

Hatua ya sita: andaa maombi

Vyuo vingi hudai transkripti ya shahada ya kwanza, wadhamini wawili, ushahidi wa Kiingereza (alama 6.5 za mtihani wa IELTS ni kiwango cha kawaida), barua ya kusudio, na potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako. Kati ya hivyo, potifolio ndiyo inayowatia watu hofu bure.

Kamati ya udahili haitafuti skrini zinazong'aa. Inatafuta namna unavyofikiri. Kazi tatu zilizoelezwa kwa kina hushinda kazi kumi zilizopangwa kama picha za ukutani. Kwa kila kazi eleza tatizo lilikuwa la nani, ulizungumza na akina nani, ulijaribu nini, ulitupa nini na kwa sababu gani. Michoro ya penseli iliyopigwa picha inafaa kabisa, mradi isomeke. Muuguzi asiyewahi kugusa programu ya usanifu anaweza kuonyesha jinsi alivyopanga upya kadi ya kliniki ili mama asiyesoma vizuri aijue tarehe yake ya kurudi, akaweka toleo la kwanza, la pili na la tatu pamoja na maneno ya akina mama waliozijaribu. Hiyo ni kazi halali ya usanifu wa mwingiliano. Lakini ukitumia kazi ya mwajiri, hasa skrini za benki au taarifa za wagonjwa, pata ruhusa ya maandishi na ufiche majina yote.

Barua ya kusudio iwe na jambo mahususi. Maneno kama "napenda teknolojia tangu utotoni" hayamwambii mhadhiri chochote. Sentensi moja inayoeleza kwamba unataka kuchunguza kwa nini wateja wa wakala huwakabidhi wahudumu simu zao wafanyiwe muamala inamfanya aendelee kusoma.

Hatua ya saba: jipange kusoma ukiwa mbali

Ukishapokelewa, vikao vya uhakiki ndivyo vitakavyokufundisha zaidi ya mihadhara. Katika kikao hicho unaonyesha kazi ambayo haijaiva, na wenzako wanaisema palepale. Waliosomea katika madarasa ambamo mwalimu pekee ndiye asemaye huona ugumu mwanzoni, wakanyamaza, au wakatetea kila mstari waliouchora. Jizoeze kuandika lawama zote bila kujibu, kisha siku ya pili uzipange: zipi zinatokana na kutoelewa mazingira yako, na zipi ni za kweli. Mwenzako wa Finland akikuuliza kwa nini mtumiaji wako ana laini mbili za simu, swali hilo limekuonyesha kwamba hukueleza mazingira, na mtahini naye hataelewa.

Kuhusu vifaa, kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaweza kukuvusha. Figma hufanya kazi ndani ya kivinjari na inahitaji mtandao kufungua faili, kwa hiyo siku umeme ukikatika uwe na mpango: karatasi, penseli, na picha zilizohifadhiwa kwenye simu. Pakua mihadhara usiku kwa vifurushi vya bei nafuu. Weka nakala ya kila kazi mahali pawili, na uwasilishe siku moja kabla ya mwisho, kwa sababu kisingizio cha mtandao kukatika hakikubaliwi kila mara.

Tafuta maandishi yaliyotoka kwetu pia. Mkutano wa AfriCHI, unaokusanya watafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta barani Afrika, ulifanyika kwa mara ya kwanza Nairobi mwaka 2016 na baadaye Windhoek mwaka 2018. Makala zake zitakupa mifano inayofanana na mazingira yako, na zitamsaidia msimamizi asiyewahi kufika huku.

Hatua ya nane: fanya mtaa wako kuwa maabara

Anayesoma akiwa nyumbani ana hazina ambayo mwanafunzi wa bwenini hana: watumiaji halisi mlangoni. Vyuo hukuachia uchague mada ya kazi nyingi, na ushauri wangu wa dhati ni kwamba uchague mada iliyo umbali wa kutembea kwa miguu.

Tuchukue menyu za USSD, zile zinazofunguka kwa nyota na reli kwenye kitochi na kwenye simu janja sawia. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa. Ndani ya herufi hizo msanifu anapaswa kuweka kichwa, machaguo na njia ya kurudi nyuma. Andika kwa Kiswahili "Weka namba ya siri kuthibitisha kutuma" na umekwishatumia herufi 38, bila kutaja kiasi wala jina la mpokeaji, vitu viwili ambavyo mteja huvihitaji kuliko vyote. Zoezi la kupanga upya menyu moja kwa ukomo huo litakufunza kuchagua maneno kuliko mwezi mzima wa kuchora vitufe.

Kisha nenda kwa wakala, kwa idhini yake, ukae pembeni ukitazama. Usimwulize mteja kama huduma ni rahisi, maana kwa adabu yetu atakujibu ni nzuri tu. Tazama anachofanya: anasoma menyu yote au anabonyeza kwa mazoea; anasitasita katika chaguo lipi; anamwita nani amsaidie; anafunika vidole anapoweka namba ya siri au anaitaja kwa sauti. Andika ulichokiona kando na unachodhani kinamaanisha, katika safu mbili tofauti. Usirekodi namba wala salio la mtu yeyote.

Ukifika katika majaribio ya kielelezo chako, utakutana na kauli ya Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa matumizi, kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua matatizo mengi. Itumie kwa tahadhari. Kauli hiyo inahusu kundi moja la watu wanaofanana. Wakala kijana, mfanyabiashara wa sokoni na mzee wa miaka 70 ni makundi matatu, na kila kundi linahitaji watu wake. Vilevile utafundishwa dodoso la SUS, linalopima urahisi wa kutumia mfumo, lililoundwa na John Brooke mwaka 1986, lenye kauli 10 zinazopishana, moja ya kusifu na moja ya kulaumu, na matokeo kati ya 0 na 100. Kauli za kulaumu huwachanganya wajibuji wengi zikisomwa kwa Kiswahili, kwa hiyo zisome kwa sauti mbele ya watu wachache kwanza, na umwombe kila mmoja akueleze alivyoielewa kila kauli kabla hujaanza kukusanya alama.

Hatua ya tisa: tasnifu na vibali

Tasnifu huchukua sehemu kubwa ya shahada. Katika mpango wa Uingereza kwa kawaida ni krediti 60, yaani saa 600. Chagua swali linaloweza kujibiwa na mtu mmoja mwenye kazi. "Huduma za pesa kwa simu Afrika Mashariki" ni mada ya taasisi nzima. "Namna wateja wa mawakala wa soko moja wanavyorekebisha muamala uliotumwa kwa namba isiyo sahihi" ni mada ya tasnifu.

Vibali vianze mapema, miezi minne au zaidi kabla ya kwenda uwandani. Chuo chako kitadai idhini ya maadili ya utafiti, nayo haitoshi peke yake. Nchini Kenya utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Nchini Tanzania uliza COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kuhusu kibali kinachokuhusu kama mwanafunzi wa chuo cha nje. Taarifa binafsi za washiriki zinalindwa na sheria, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, kwa hiyo eleza katika ombi lako utazihifadhi wapi, nani atazisoma, na utazifuta lini. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwa asiyesoma uisome kwa sauti mbele ya shahidi. Mweleze mshiriki kwamba anaweza kujitoa bila kutoa sababu, na ukimlipa nauli au muda wake, kiasi hicho kitajwe katika fomu.

Panga na msimamizi tarehe za kuwasilisha sura, si kazi nzima. Sura ya mbinu iandikwe wakati bado uko uwandani, kwa kuwa miezi mitatu baadaye utakuwa umesahau kwa nini ulibadilisha swali la nne la mahojiano.

Ukishafaulu, agiza mara moja transkripti mbili rasmi pamoja na cheti, ukiwa bado na akaunti ya mwanafunzi inayofanya kazi. Ziambatanishe na barua ya udahili, maelezo ya moduli zote na lile jibu la maandishi ulilopewa kabla ya kujiandikisha, kisha upeleke ombi la utambuzi TCU au katika mamlaka ya nchi yako mwezi huohuo, badala ya kusubiri mpaka tangazo la kazi litoke na siku zimebaki chache.